Damu Nyepesi ya Ukoo wa Efraimu

"Mimi tangu nizaliwe sijaonja kidonge! Kidonge ni chakula cha watu wa mjini, wale wanaopoozwa na mvua ya rasharasha!" Efraimu alitangaza kilabuni, kata ya pombe ya mbege mkononi, povu limemganda kwenye masharubu kama mtu aliyemtoroka kinyozi.

Wazee wa Masama, kule mlimani juu ya Moshi, wakakubali kwa kilugha, "Ee mbe!" Laiti mmoja wao angempapasa mfuko wa shati! Mlikuwa na aspirini nne zimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Vidonge ambavyo zamani ulivipangia foleni zahanati ukaambiwa vimekwisha, sasa vilikaa kioski, rafu moja na sabuni na mafuta ya taa. Na wanywaji wa Masama, kwa akili zao ndefu kama mkia wa mbuzi, waligundua kwamba ukitafuna viwili kabla ya mbege, kesho kichwa hakikusumbui. Wenzake walitafuna hadharani. Efraimu aliwacheka hadharani, kisha akaenda nyuma ya migomba kutafuna viwili kabla, viwili baada, na viwili asubuhi kwa ajili ya mgongo. Shahidi kuku.

Shida ikaja kinenani. Ngiri ilishuka, ikavimba kama parachichi. Daktari wa hospitali moja mjini Moshi akaibonyeza, akakunja uso.

"Mzee, utumbo ukinyongwa humu utaoza, na wewe tutakuzika. Upasuaji ni Jumanne, baada ya wiki mbili. Kuanzia leo usiguse aspirini. Ukiumwa, meza panadol."

"Daktari, unamhubiria malaika habari za dhambi."

Malaika alirudi nyumbani akaendelea na dhambi. Aspirini si dawa, alijiambia, ni kama chumvi tu. Na panadol? Hiyo ni ya watoto wanaoota meno.

Jumanne asubuhi alilala kitandani na gauni la hospitali lililofungwa mgongoni, mwanamume wa chuma ameachwa makalio wazi. Muuguzi Magdalena akaja na faili.

"Shikamoo, mzee. Umetumia aspirini wiki hizi mbili?"

"Marahaba, mwanangu. Hata kuinusa."

"Na hizi alama nyeusi mikononi?"

"Migomba. Imenigonga."

"Yote hii?"

"Shamba langu lina migomba mingi."

Magdalena hakucheka. Alimkata kidogo mkononi kupima damu itachukua muda gani kuziba, akatazama saa, akawa anafuta damu kwa karatasi kila nusu dakika. Dakika tano. Dakika tisa. Akabadilisha karatasi. Dakika kumi na nne, na kijidonda cha kuchekesha, kisichozidi cha wembe wa kunyolea, bado kinatiririka. Efraimu alikitazama kama mtu anayemwona mbwa wake mwenyewe akimng'ata.

Daktari akaitwa. "Damu yako haizibi. Kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kukimbilia kidonda na kukiziba. Aspirini inazilevya, na zikishalewa haziamki tena. Unasubiri mwili utengeneze nyingine, wiki moja mpaka siku kumi. Nikikupasua hivi utanivujia mezani. Sasa niambie kweli. Ulikula?"

Ngiri ikamng'ata. Neno moja tu lilitakiwa, "nilikula," wampangie tarehe nyingine apone. Lakini neno hilo lingepanda mlima kabla yake, lifike kilabuni, likae kwenye kigoda chake. Kati ya kaburi na kilabu, Efraimu akachagua kilabu.

"Ni ya ukoo, daktari," akasema kwa huzuni. "Sisi damu yetu nyepesi. Marehemu baba alijikwaa kidole, akavuja tangu Kwaresima mpaka Pasaka."

Daktari akashusha miwani. "Hilo ni zito. Basi hapa sikupasui kabisa. Utapelekwa Dar es Salaam, na watoto wako wote wapimwe, na wa ndugu zako."

"Wapimwe," Efraimu akakubali, kwa ukarimu wa mtu anayegawa mbuzi wa jirani.

"Wapimwe nini?"

Mlangoni alisimama Hilaria, dada yake mkubwa, chupa ya supu ya mtori mkononi. Tangu Efraimu afiwe na mke, ndiye aliyempikia na kumfulia.

"Mama, mzee anasema ukoo wenu una ugonjwa wa damu," Magdalena akamweleza.

"Ukoo upi? Wa Baba?" Hilaria akaweka chupa chini ili mikono iwe huru kusema. "Baba alijikata panga mguuni Jumamosi, Jumapili akaimba kwaya! Mimi nimezaa saba, sijavuja zaidi ya mtu mwingine! Efraimu, nina binti wawili hawajaolewa, nani atawachukua ukiwatangazia damu ya maji?"

"Dada, nyamaza kidogo..."

"Ninyamaze? Kila Jumatatu nafua suruali zako, kila mfuko unga wa aspirini! Jana tu nimekung'uta vipande vitatu! Nilidhani umewaambia!"

Kalamu ya Magdalena ikasimama juu ya faili. "Mama, kwa siku anakula ngapi?"

Efraimu akafumba macho, akalegeza shingo, akaanza kukoroma taratibu kama mtu aliyekolewa na dawa ya usingizi.

"Mzee," daktari akasema, "bado hatujakuchoma."