Duara Lililotoka Tanurini

...ngojeni, bado moto, asiguse mtu, anasema Fundi Mkuu, na mwanamke mmoja anangoja, kabari ya mbao mkononi, ya mbao kwa sababu ikibaki hata sumaku moja yenye nguvu hunyakua chuma na kidole pamoja, na mbele yake lile duara kubwa lililotolewa tumboni mwa mtambo wa umeme wa upepo uliozeeka, sumaku zimejipanga ndani yake kama meno, moto wa tanuri umezimaliza nguvu, zikipoa zitang'oka kwa urahisi, zitasagwa unga, unga utafinyangwa kuwa sumaku mpya, na mama amefariki, ndivyo mdogo wake alivyosema kwenye simu alfajiri, dada, mama ametutoka, naye akajibu haya, haya tu, kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika, akapiga mswaki, akapanda basi, akavaa glavu... "Mwenzangu, leo umemeza kufuli?" ni Domo, wa upande wa pili wa duara, mwanamke asiyejua kunyamaza, ana habari za mkwe wake, sijui friji, sijui mlango uliachwa wazi, na yeye anatikisa kichwa panapostahili, hata anacheka kidogo, anakisikia kicheko chake kama cha jirani nyuma ya ukuta... mama hakuielewa kazi hii, aliwaambia majirani binti yangu anang'oa meno ya upepo, wakimcheka naye anacheka kuwazidi, akaomba apelekwe akaione mitambo ikizunguka kabla haijashushwa, akaambiwa mama, kwa miguu hiyo, kilima kile, akasema basi, wala hakununa... na hapaumi, pale panapopaswa kuuma pamekufa ganzi, anapabonyeza kwa mawazo, mama amefariki, mama amefariki, hakuna kitu... "Ungekuwa wewe ungemfukuza?" "Nani?" "Mkwe wangu, jamani, kwani naongea na nani muda wote huu?" ...mkwe, ndiyo, amfukuze, asimfukuze, simu iko kabatini nje, simu haziingii humu, labda inalia, labda ni yeye, mdogo wake, hakusema njoo, alinyamaza tu baada ya ile haya, pumzi zake zikasikika, naye akakata, akakata simu, alifikiri kimya kile ni cha mtu aliyemaliza kusema... siku ya msiba wa baba alijificha chini ya meza, hakutoka mpaka dada yake alipotambaa akaingia naye, wakalia humo wawili, sasa ana ndevu, sasa ndiye aliyebaki nyumbani kumlisha mama uji kwa kijiko, ndiye aliyeamka akamkuta... alimfumba macho nani, kama si yeye, peke yake... "Bado," anasema Fundi Mkuu, "bado moto," na hakuna aliyesogea, Domo amerudia habari ya friji, kabari iko palepale mkononi, lakini sasa anamwona mdogo wake, ameketi sakafuni kando ya kitanda, mlango ameufunga, hajamwita jirani hata mmoja, kwa sababu hajawahi kuanza kulia kabla dada yake hajafika.