Kona ya Kushoto

Pikipiki ya mzee Sefania ilikuwa na kabureta mbili, na kwa sababu hiyo mzee alikuwa na maringo ya mtu mwenye wake wawili, na mateso yake pia. Bodaboda za siku hizi zina kabureta moja. Zinawaka, zinakwenda, zinakufa, hakuna hadithi. Hii yake ilikuwa mashine ya zamani ya silinda mbili, aliyouziwa na bwana miti mmoja aliyestaafu, na mafundi wa Soni walipoletewa walikuna vichwa. Mzee hakuhuzunika hata kidogo. Alikitangazia kijiji kizima kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mkono mwingine utakaoigusa.

Alen hakuwa na ugomvi na jambo hilo, wala hakuwa na haki ya kuwa nao. Yeye alikuwa mkwe. Alikuwa ametoka Muheza na mkewe Eliza, binti wa mzee, kuja kusalimia, na hii ilikuwa mara yao ya kwanza kulala hapo tangu wafunge ndoa. Mtu akiwa ukweni hata kikohozi hukipima. Jina la baba mkwe hulitaji, bega lake huligusi, na neno lake akishalisema limesemwa. Alen alifundishwa hayo na mama yake kabla ya posa, akafundishwa tena na wajomba, na kwa kuwa alikuwa mtu mwoga tangu hapo, aliyashika kuliko hata alivyofundishwa.

Asubuhi hiyo walikuwa uani. Mzee ameketi kwenye kigoda, kabureta zake mbili zimeoshwa kwa petroli na kulazwa juu ya gunia safi. Kazi ya Alen ilikuwa kushika kopo la skrubu na kuitikia. Mzee alizipachika moja baada ya nyingine, akakaza vibano vya mipira, kisha akachukua waya mpya wa mafuta, ule unaotoka kwenye mkono wa usukani na kugawanyika mara mbili ili ufike kwenye kila kabureta. Wa zamani ulikuwa umekatika. Akaupitisha chini ya tangi, akauvuta, akauchomeka. Ulikaza kidogo kuzidi, lakini mzee aliupigapiga kwa kidole akasema, "Safi." Akafunga tangi juu yake, na waya haukuonekana tena.

Ilipowaka, kuku walikimbilia mgombani na mama mkwe, Mama Jenoveva, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mlio wake ulikuwa mzuri kwa kweli, mzito, umejaa. Mzee alicheka mpaka akapangusa macho.

"Igeuze itazame njiani," alimwambia Alen, "mimi nikavae koti."

Alen akaishika pikipiki kwenye usukani na kuanza kuisukuma. Alipokata usukani kushoto ili ageuke, injini ikapiga ukelele. Mkono wake haukuwa kwenye mafuta. Akaurudisha usukani kulia, ikatulia. Akaukata tena kushoto, polepole, kama mtu anayefunua kidonda, na injini ikapanda yenyewe mpaka tangi likatetemeka ubavuni mwake.

Hakuhitaji kuwa fundi ili aelewe. Kwa njia ulikopitishwa, waya ulikuwa mfupi. Usukani ukienda kushoto waya unavutwa, na waya ukivutwa mafuta yanafunguka. Maana yake kila kona kali ya kushoto, pale ambapo mtu anataka mwendo upungue, pikipiki ingeongeza. Na kutoka hapo mpaka hospitali ya Bumbuli, alikokuwa anakwenda mzee, barabara ni kona tupu, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa. Alen mtu wa Muheza, aliyezaliwa na kukulia kwenye tambarare, alikuwa ameipanda barabara ile ndani ya basi huku amefumba macho.

Akaujaribu tena kushoto, ikapiga ukelele ule ule.

"Usiipige resi, mwanangu!" mzee alipaza sauti kutoka ndani. "Bado changa hiyo!"

"Samahani, baba," alisema Alen.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu. Alikuwa na nafasi ya kusema si mimi, ni waya. Badala yake aliomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na mtu akishaomba radhi atageukaje tena aseme mwenye kosa ni yule aliyemwomba?

Mzee akatoka amevaa koti na helmeti. Mama Jenoveva alikuwa bado mlangoni, anamtazama mumewe kwa macho ya msichana.

"Baba," Alen alianza, na sauti ikamtoka nyembamba. "Naona kama..."

Mzee alimgeukia. Hakukasirika, alimtazama tu, akingoja, nyusi zimepanda kidogo. "Unaona kama nini?"

Alen alimwona mama mkwe. Aliiona mikono ya mzee, myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, mikono ambayo tangu alfajiri ilikuwa na furaha.

"Naona kama imepona kabisa."

"Hongea!" mzee alimshukuru kwa Kishambaa, akapanda.

Eliza alitoka jikoni anajifunga kanga, chupa ya uji kwapani. Shangazi yake alikuwa amelazwa Bumbuli, naye alikuwa anampelekea uji wa nyumbani. Moyo wa Alen ulikuwa unapiga kiasi kwamba aliona aibu usisikike.

"Eliza."

"Abee."

"Si ungengoja basi la mchana?"

"Mgonjwa angoje uji, mimi ningoje basi?" Alimchungulia usoni. "Una nini wewe? Mbona umepauka hivyo?"

"Sina kitu."

Akapanda nyuma ya baba yake, mkono mmoja umekumbatia chupa, mwingine umeshika koti. Wakatoka getini wakakata kulia, na pikipiki ikawatii kama mtoto mwema.

Alen alibaki amesimama uani na kopo la skrubu. Alikuwa na tumaini moja, nalo alilishikilia kwa nguvu zote. Eliza alikuwa amemsimulia mara nyingi kwamba baba yake huzima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta, huteremka kimya mpaka bondeni, watu hushtukia tu koti limewapita. Injini ikizimwa, waya hauna la kufanya. Angekwenda taratibu kwa breki kama siku zote. Mteremko ulianzia kanisani. Alen alitega sikio, akingoja mlio ukatike.

Haukukatika. Ulisimama tu mahali pamoja, unanguruma, na ghafla akaelewa. Leo mzee asingezima. Nani atengeneze kabureta mbili kwa mikono yake halafu apite kijijini kimyakimya?

Alen akatupa kopo, akakimbia.

Alipolizunguka ua la kanisa aliwaona. Mzee alikuwa amekaa juu ya mashine inayowaka, wazee watatu wa kanisa wamemzunguka, mmoja ameinama anachungulia ubavuni, na mzee anaonyesha kwa kidole: hii ya kwanza, hii ya pili. Eliza alimwona mumewe kwa mbali akampungia mkono, anacheka.

Alen alikuwa na nafasi ya kufika. Kwa mbio zile zile angefika kabla mzee hajamaliza maelezo. Lakini miguu ilipunguza yenyewe. Alichomekea shati. Alianza kuipanga sentensi: samahani wazee wangu, baba, nilikuwa naomba tuangalie kidogo... Hapana. Angemwaibishaje baba mkwe mbele ya watu wa kwao, mbele ya kanisa, katika jambo lile lile analosifiwa? Labda amwite pembeni. Labda aseme mama anamwita. Alikuwa bado anapanga, anatembea kama mtu anayekwenda kutoa sadaka, mzee alipotia gea na kuondoka.

"Shikamooni," Alen aliwaambia wale wazee alipowapita.

"Marahaba," wakaitikia.

Salamu hiyo ilimtoka bila kukwama. Kisha akaiacha barabara akajitupa kwenye njia ya miguu, ile ambayo Eliza alimwonyesha walipofika.

Barabara inazunguka, njia ya miguu haina muda huo. Inashuka moja kwa moja, inapasua matuta ya kabichi na maharage mpaka kwenye kijito, na pale kijitoni ndipo barabara inapokata kushoto, kona nyembamba kuliko zote, nje yake genge. Kabla ya hapo kulikuwa na kona moja tu ya maana, ya kulia. Alen aliyakumbuka haya kwa sababu ndipo alipofumba macho basini. Sasa alikimbia ameyakodoa. Aliteleza, akakaa chini, akateremka kwa makalio, akainuka na kuvunja kabichi za watu. Juu yake alisikia mlio ukifika kwenye kona ya kulia. Mlio ukapungua, ukakata, ukaendelea. Walikuwa wamepita.

"Mungu wangu, Eliza," alisema. Alilisema jina hilo kila hatua, bila pumzi.

Alitokea barabarani mikono na magoti vikiwa tope tupu, akasimama katikati, akatanua mikono. Pikipiki ilikuwa inakuja.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima moto! Usikate kona! Zima!"

Mzee alimwona. Labda alidhani nyumba imeungua, labda alidhani mkwe amepata wazimu. Alishika breki, na ili asimgonge akaukata usukani kushoto.

Ukelele ule wa uani ukatoka, mara kumi. Pikipiki ikaruka mbele. Alen aliuona uso wa mzee chini ya helmeti, uso wa mtu anayekamata breki kwa nguvu zake zote na mashine inakataa, na nyuma ya bega lake macho ya Eliza, makubwa, hayajaelewa bado. Aliruka. Alilikamata bega la baba mkwe kwa mikono miwili na kulivutia upande wa mlima, akamvuta kama mtu anavyong'oa kisiki, na wote watatu wakaporomoka mtaroni. Pikipiki iliteleza peke yake mpaka ukingoni, ikalala pale usukani umegeukia kushoto, gurudumu linazunguka, injini inalia kama mnyama.

Mzee alitambaa akazima kwa ufunguo. Ukabaki mlio wa kijito tu.

Eliza alikuwa hai. Goti limechubuka, gauni limejaa uji, lakini hai, anapumua, anauliza nini, nini hiki. Alen alimkumbatia asimwachie. Hofu ilimtoka kwa mkupuo, akataka kucheka, akataka kulala palepale kwenye matope.

Mzee alikuwa ameinama kwenye pikipiki. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeanza kuvimba. Kwa mkono wa kushoto aliusogeza usukani huku na huku, akaingiza vidole chini ya tangi, akaupapasa waya. Kisha akakaa chini barabarani.

"Nimeupitisha upande usio wake," alisema taratibu. "Mimi mwenyewe." Akainua macho, na yalikuwa na machozi. "Mwanangu, umetuokoa. Hongea. Hongea sana. Umejuaje?"

Alen angeweza kusema aliusikia mlio kwa mbali akashtuka. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. Lakini Eliza alikuwa amejitoa taratibu mikononi mwake, anamtazama.

"Ule mlio wa uani," alisema. "Baba alipokukaripia. Haukuwa mkono wako."

"Haukuwa."

"Kwa hiyo nilipotoka jikoni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kanisani? Nilikupungia mkono, Alen. Ulikuwa unakimbia, halafu ukaacha."

Aliitafuta sababu. Aliitafuta kwa moyo wote, na alipoipata ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliisema kwa kunong'ona.

"Palikuwa na wazee."

Eliza alijipangusa uji gaunini kwa pembe ya kanga, polepole, mpaka alipoona hautoki akaacha.

"Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia," alisema. "Ingekuwa ya kushoto, je?"

Hakungoja jibu. Alivaa kandambili yake iliyokuwa imeruka, akamshika baba yake mkono ule mzima, akamwinua, na wakaanza kutembea kuelekea Bumbuli, mzee anachechemea, yeye anamwegemeza. Alen alipiga hatua kuwafuata.

"Kaa na pikipiki," Eliza alisema bila kugeuka.

Akakaa nayo. Aliishika usukani kwa mikono miwili ili isiteleze gengeni, akamtazama mkewe mpaka barabara ilipomficha, na ndipo alipoogopa kuliko alivyoogopa asubuhi nzima.