Mkwaju Ulioachwa kwenye Leso

Mwishoni mwa mwaka 1976, ghasia zilipowageukia Wangazija wa Mahajanga, pwani ya Madagaska, Saïda alibisha mlango wa dada yake mtaani Ampisikina. Hadjira alikuwa ndani. Aliisikia sauti, akaitambua, akamziba mwanawe mdomo, na mlango hakuufungua. Siku chache baadaye Saïda akapanda meli ya wakimbizi, na habari zake zikaishia hapo.

Miaka thelathini na miwili Hadjira hakumwambia mtu. Hatimaye alimwambia Djaffar, mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta, kwa kuwa alihitaji ukurasa kwenye mtandao: jina la Saïda, jina la baba yao, maneno "Nakutafuta, nisamehe," na nafasi ya kujibu.

Kuutangaza hakukuwa taabu. Kulikuwa na arusi kisiwani Nosy Be, wageni wangetoka hadi Maore, kisiwa cha Ngazija walikokimbilia wengi, na sare ya wanawake ni leso. Pale chini panapokaa maneno ya leso, Hadjira aliagiza iandikwe anwani ya ukurasa. Mchangama, mpiga chapa, aliandika yote isipokuwa mkwaju wa mwisho, kile kistari kilichoinama. Maneno ya leso hayamalizwi kwa mkwaruzo, alisema, wateja watadhani rangi imechuruzika. Nani angembishia? Mtu kazeekea kwenye leso.

Arusi ikapita, mwezi ukapita, kimya. Hadjira akaona kwamba amestahili.

Ni Djaffar aliyekwenda kuangalia kumbukumbu za seva, ambamo kila anayebisha huandikwa.

"Shangazi, kwingine ukikiacha kile kistari unafikishwa vilevile. Hapa kosa ni langu, sikuipanga njia hiyo. Bila mkwaju, mtu anaambiwa ukurasa haupo."

"Wangapi wameambiwa hivyo?"

"Kumi na wanne. Mmoja yuko Maore. Kajaribu siku tisa mfululizo, kisha akaacha."

Hadjira akakaa chini. Hakuuliza ni nani. Ilimshika aibu ileile ya siku ile ya mlango.

Djaffar alitengeneza kwa dakika mbili, mwenye mkwaju na asiye nao wote wapite. Wa Maore hakurudi siku hiyo, wala ya pili yake. Hadjira alihamia kando ya kompyuta, hata chakula akawa analetewa hapo.

Siku ya tano likaja jibu, mstari mmoja, bila jina:

"Mara hii umefungua."