Presha ya Mzee Pedali

Mimi huuza vifungo na nyuzi mlango wa pili, kwa hiyo matusi ya wale wazee wawili mafundi nguo nimeyasikia yote. Mzee Mkasi alikata nguo, Mzee Pedali akazishona, ndani ya chumba kimoja, na tangu wafiwe na wake zao walikuwa wakigombana kutwa.

"Suruali mguu mmoja mfupi! Mteja ni kuku?"

"Wewe shona, mwenye macho ya kuazima!"

Jioni walifunga duka pamoja, sauti zimewakauka, kila mmoja ana njaa ya kijana.

Binti wa Pedali ni muuguzi, na kujua kila kitu ndio ugonjwa wake. Siku moja alikuja na mashine ya presha, akamfunga baba yake mkono katikati ya ugomvi wa zipu. Ikasoma juu. Ya nani isingesoma juu?

"Baba mdogo, unamuua baba yangu," alimwambia Mkasi, akamchukua mzee wake siku hiyo hiyo.

Kwake kulikuwa na kitanda laini, chakula bila chumvi, na kimya. Nilipokwenda kumjulia hali, presha ilikuwa imeshuka na binti anachekelea. Pedali alibaki mifupa mitupu. Sahani aliisukuma, miguu ilimvimba, msalani alikwenda kwa kushikwa mkono.

"Uzee tu, dada," binti aliniambia.

Nikamleta Mkasi. Binti akamzuia mlangoni, naye akazunguka dirishani akapaza sauti: "Pedali! Lile pindo lako limefumuka, nimetukanwa mimi!"

Mzee aliinuka akaketi, bila kushikwa na mtu. "Kitambaa ulikikata vibaya, mpumbavu wewe!" Akaomba chai. Akaomba na viatu vyake. Nililia, wala sioni haya kusema. Binti akaleta mashine, akapima, akafunga dirisha.

"Ikipanda hivi tena tutamzika," alisema.

Tulimzika kabla mvua hazijaisha. Pale msibani binti alituambia, uso mkavu, kwamba mpaka siku ya mwisho presha ya baba ilikuwa safi.

Juzi alipita dukani, kwa wema wake, akamfunga Mkasi mkono. Mkasi hakubisha. Suruali aliyoanza kuikata kabla ya msiba ilikuwa bado mezani, mguu mmoja tu, na vumbi juu yake.

"Hongera, baba mdogo," binti alisema. "Na yako imeshuka vizuri sana."