Sugu ya Bega

Kibwana wa Kaole hakuwa mtu wa kusimama mstari mmoja na wapagazi. Asubuhi ile alipofika Bagamoyo na kuwakuta wanaume wameshapangwa mbele ya ghala la Banyani, karibu na forodha, aliwapita wote bila kumtazama hata mmoja, akaenda kusimama mbele kabisa. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, imetiwa buluu vizuri, na bakora yake aliishika kama mtu anayetarajia kuitumia.

Kulikuwa na Mzungu aliyekuja kuajiri watu wa kwenda Kongo. Hawangekwenda kwa miguu kupitia Unyanyembe. Wangepakiwa katika merikebu ya moshi na kuzungushwa baharini hadi upande wa pili wa nchi, huko wasikokujua. Kwa kazi hiyo alitakiwa mnyapara mkuu, mtu wa kuwasimamia wote, na Kibwana alikwisha kuahidiwa. Nani mwingine? Misafara ya bara aliijua kama ajuavyo chumba chake. Tena kila mtu wa pwani alimjua kuwa ni mtoto wa watu, aliyekwenda bara tangu ujana na mali ya baba yake, akitembea mikono mitupu huku wengine wakiinama chini ya mizigo. Hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Dharau kwake ilikuwa kama kikohozi kwa watu wengine: ilimtoka bila kuitwa. Aliwadharau wapagazi kwa kunuka jasho, na wenye maduka kwa kutonuka jasho. Zaidi ya wote alimdharau Husseni, kirangozi wa kuongoza njia aliyekuwa chini yake katika safari mbili za nyuma, ambaye kwa maoni ya Kibwana alifaa kupiga ngoma mbele ya msafara na kunyamaza. Husseni naye alikuwepo mstarini siku hiyo, amevaa shuka tu, anacheka na wenzake.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Kibwana hakuambiwa. Nahodha wa merikebu alikataa kumpokea mgonjwa yeyote, kwa hiyo kila mtu, mkubwa na mdogo, lazima apite kwanza mbele ya daktari. Daktari mwenyewe alikuwa Mzungu mwekundu, mfupi, ameketi juu ya kasha mlangoni mwa ghala. Mkalimani wake alikuwa Ferdinandi, kijana wa misheni, mmoja wa wale waliokombolewa utumwani wakiwa watoto na kulelewa na mapadri.

"Sabalkheri, Mwinyi," alisema Ferdinandi. "Daktari anaomba uvue kanzu."

Kibwana hakuijibu salamu. "Mwambie daktari wako mimi si ng'ombe."

Ferdinandi aligeuka, akasema maneno mawili matatu kwa lugha ya mapadri. Daktari alijibu bila kuinua macho.

"Anasema ng'ombe hawampi taabu hii."

Watu wakaangua kicheko, na cha Husseni kilisikika juu ya vyote. Kibwana aliona kuwa kuendelea kubishana ni kuwapa wapuuzi hawa tamasha zaidi. Akavua kanzu, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya kasha la pili akiwa na uso wa mtu anayewafanyia watu hisani.

Daktari alimtazama macho, akamfunua mdomo, akamgonga kifua, akatega sikio kwenye kibomba cha mti. Kibwana alitazama juu ya kichwa cha yule mtu mwekundu, akiwaza kwamba huko walikotoka hawa hapana shaka hakuna waganga wa kweli, ndiyo maana wanahangaika kusikiliza vifua vya watu kama wanaotafuta maji ndani ya dafu. Kisha daktari akapita nyuma yake, na huko akakaa. Akakaa sana.

"Anauliza hili baka limeanza lini," alisema Ferdinandi.

"Baka gani?"

"Hapa nyuma ya bega. Rangi yake imepauka. Anasema ufumbe macho, na kila utakapoguswa, sema."

Kibwana akafumba macho. Akangoja. Alisikia kunguru juu ya paa la makuti, na mtu mmoja mstarini akisafisha koo. Hakuna aliyemgusa. Akangoja tena, hata uvumilivu ukamwishia.

"Mwambie aanze basi! Au amelala?"

Hakucheka mtu. Kimya kile kilimshangaza, akafumbua macho, akageuza shingo. Daktari alikuwa ameshika sindano, na ncha yake ilikuwa na damu.

"Ameshaanza, Mwinyi," alisema Ferdinandi kwa sauti ya chini. "Amekugusa kwa unyoya mara nyingi. Halafu akakuchoma."

Nyuma kabisa ya mstari mtu akalitaja neno lenyewe. Ukoma. Hakulisema kwa nguvu, lakini lilipita katika mstari ule kutoka mdomo hadi mdomo, na wanaume waliokuwa wamesongamana mbele ili waone vizuri wakarudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto.

Mambo mengi yalimpita Kibwana kichwani, na kati ya yote akalishika moja. "Sugu hiyo!" alisema. "Mjinga huyu hajui sugu? Sugu ya mzigo!"

"Mzigo gani, Mwinyi?" Aliyeuliza alikuwa Husseni, naye sasa hakuwa anacheka. "Si umetuambia siku zote hujapata kubeba hata mtungi wa maji?"

Hapo ndipo Kibwana alipojiona amesimama kifua wazi mbele ya watu aliowadharau maisha yake yote, na njia ya kutokea ni moja tu, nayo inapita katika aibu. Aliipima aibu hiyo na ile nyingine. Akachagua.

"Nilibeba," alisema. "Pembe. Kutoka Unyanyembe mpaka pwani, kwa bega hili hili. Nilikuwa mpagazi kama nyinyi, na kama baba yangu, naye hakuwa na mali yoyote. Basi! Mmesikia? Sasa mwambie huyo mtu kwamba ni sugu."

Ferdinandi akatafsiri. Kibwana aliwatazama wote wawili kwa jicho la mtu aliyekwisha kulipa na sasa anangoja apewe chake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema maneno machache, akanyoosha kidole chini zaidi mgongoni.

"Anasema huenda ulibeba," alisema Ferdinandi. "Lakini baka la pili liko hapa kiunoni, na hapa mtu habebi pembe."

Kabla Kibwana hajamaliza kupitisha kichwa katika kanzu yake alisikia jina la Husseni likiitwa, na kazi ya mnyapara mkuu ikawa imepata mtu. Alishika njia ya Kaole kwa mwendo wake wa kila siku, wala haraka wala polepole. Ukimwona kwa mbali ungedhani anakwenda kukagua mashamba.

Mkewe, Mwanahija, alikuwa uani anamenya muhogo.

"Umerudi mapema," alisema.

"Mzungu ni mpumbavu. Eti nina ukoma. Kasema hivyo mbele za watu, na yule mtumwa wake wa misheni akitafsiri kama kasuku. Ukoma! Mimi!"

Mwanahija aliweka kisu chini. "Vua."

"Hata wewe?"

"Vua, nimesema."

Akavua. Mwanahija akatazama bega, akatazama kiuno. Kisha akasema, "Hili la bega nalijua. Mwaka jana ulipokuwa unakula nilikumwagia uji wa moto hapa, kwa bahati mbaya. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Uliniharibia kanzu."

"Ulinigombeza kwa ajili ya kanzu. Malengelenge yalikutoka makubwa kama kunde, na wewe ukawa unagombea kanzu."

Kibwana alikaa kwenye kibao cha mbuzi bila kujua amekalia nini. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie?" Mwanahija aliokota kisu chake. "Kuna kitu mtu amewahi kukuambia ukakisikia?"

Habari ilikuwa imemtangulia mjini. Muuza kahawa, ambaye zamani alikuwa akimfutia kikombe kwa upindo wa shuka yake mwenyewe, sasa alimtilia kahawa katika kifuu cha nazi, na Kibwana alipoondoka kile kifuu kilitupwa. Barazani watu waliendelea kumwitikia salamu, ila mkeka ulikuwa mpana ghafla, ana upande wake mzima peke yake. Hayo yote hayakuwa mageni kwake. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mgonjwa wa maradhi hayo hayo, aliyekuwa akiomba kwenye njia ya kisimani, na Kibwana ndiye aliyesema afukuzwe kwa sababu anaharibu njia. Alikuwa akiijua kazi ile ya kumtenga mtu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ambacho hakuwahi kukijua ni kukaa upande huu wa mkeka. Alikwenda Miono kwa mganga mwenye sifa, naye akamwambia ni jini la mtoni linataka jogoo mweusi. Kibwana alimwambia kuwa jini linalokubali kununuliwa kwa jogoo halina heshima, akarudi zake.

Ndipo akaenda misheni. Alimkuta Ferdinandi katika karakana ya maseremala, anapiga randa mbao ya mlango.

"Nimemfuata daktari wako," alisema Kibwana akiwa nje ya kizingiti.

"Kavuka Unguja na watu wake. Karibu ndani, Mwinyi."

"Sikai."

"Basi simama." Ferdinandi aliendelea na randa yake kidogo, kisha akaiweka. "Mimi sikupendi, Mwinyi Kibwana. Kila ukipita barabara hii unatuita mateka, tena kwa sauti, ili tusikie. Tunasikia. Lakini daktari alikuwa na maneno mengine, hukungoja uambiwe, na maneno ya mtu sikai nayo."

"Sema."

"Anasema ukoma haukuui kesho. Wengine hukaa nao mpaka uzeeni. Dawa hana. Wahindi wana mafuta yao, watu huyasifu, yeye hayaamini. Kinachowakata watu vidole si ukoma peke yake, ni moto na miiba na sufuria za moto, mtu anaungua hajui, kidonda kinaoza. Asiyesikia maumivu lazima atazame kwa macho. Miguu na mikono, kila siku. Na usitembee pekupeku."

Kibwana alifikiri. "Na mke wangu? Atapata?"

"Nilimwuliza. Anasema wakubwa wao huko wanabishana. Wengine husema unaambukiza, wengine husema ni wa kurithi."

"Kwa hiyo hawajui."

"Hawajui."

Jibu hilo lilimpendeza Kibwana kuliko yote aliyoyasikia tangu siku ile.

"Padri anawapokea wagonjwa kama wewe," aliongeza Ferdinandi. "Wana vibanda vyao nyuma ya shamba la minazi."

"Nikalale na watu wale?"

"Na wao watauliza hivyo hivyo, wakisikia unakuja."

Kwa mara ya kwanza Kibwana alimtazama yule kijana usoni. Alitaka kumjibu, akakuta jibu zuri limeshatumika. Akamwambia kwaheri, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote wa misheni, akaondoka.

Ijumaa baada ya sala aliwakuta wazee wa Kaole wamejikusanya mlangoni mwa msikiti, wananong'onezana, na alipowaona wananyamaza akajua shauri lao ni nini.

"Nasikia mnatafuta mtu wa kumtuma kwangu," aliwaambia. "Anihubirie nihame. Mmemtafuta wiki nzima, hakupatikana hata mmoja mwenye moyo. Nyinyi ndio wazee wa mji? Haya, msijisumbue. Nahamia shambani kwangu kesho, na nahama kwa sababu nimechoka kutazama nyuso zenu."

Jioni ile, Mwanahija alipokuwa akifunga vyombo katika mkeka, Kibwana alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo.

"Wewe hulazimiki," alisema. "Nitakupa talaka yako, urudi kwa ndugu zako Kaole hapa hapa. Hakuna atakayekulaumu."

"Talaka utanipa nikiitaka," alisema Mwanahija. "Shika kamba hii. Ukoma nitauzoea. Mdomo wako ndio nimeshindwa kuuzoea miaka yote, na bado niko. Kaza! Huko siko, kaza upande wako."

Walihamia shambani, mahali pa mihogo na mikorosho michache, mbali kidogo na mji. Merikebu ya Kongo iliondoka na Husseni akiwa mnyapara mkuu, na habari zao zilipokuja zilikuwa chache na mbaya. Kibwana hakuzishangilia, alisema tu kwamba ukimpa Husseni msafara lazima upotee, hata kama njia yenyewe ni bahari. Mabaka yaliongezeka mawili, halafu yakasimama. Dharau haikumwisha. Aliwadharau majirani kwa kumpita mbali, na wachache waliokuja karibu aliwadharau kwa kuja mikono mitupu. Lakini njia ya kisimani iligawanyika hapo shambani kwake, na yule mwanamke aliyewahi kufukuzwa alianza kupita na kukaa kivulini, na Kibwana hakusema kitu. Baadaye akamwambia Mwanahija ampe muhogo, akaongeza kwamba si kwa huruma, ni kwamba anakaa pale bure anawatumbulia macho.

Kila alasiri, jua likiwa bado lina nguvu ya kuonyesha vitu, Mwanahija alimkalisha kwenye kiti na kumtazama nyayo na viganja, kidole baada ya kidole. Kibwana aligeuzia uso pembeni, kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemwamini. Siku moja Mwanahija alimkuta na mwiba kisiginoni, umezama wote, umeshaanza kutunga usaha. Akaushika kwa kibano, akaanza kuuvuta kwa nguvu.

"Polepole," alisema Kibwana, anatazama mihogo. "Unaniumiza."

Mwanahija alijua kuwa hasikii kitu pale, na Kibwana alijua kuwa mkewe anajua.

"Pole," alisema, akauvuta polepole.