Msonge Wenye Soketi Mbili

Mwanangu Davis aliponipigia simu kuniambia amenijengea nyumba Kahama, niliringa pale kijijini Didia wiki nzima mpaka watu wakanichoka. Jirani yangu Suzana nilimpa vyungu vyangu vyote, na kinu, na mkeka. Nikamwambia chukua, mwenzangu, mimi naenda kukanyaga marumaru. Suzana akauliza, "Na ukirudi?" Nikamwambia sirudi ng'o. Mtu aliyekula moshi miaka arobaini, macho yanatoka machozi hata pasipo msiba, arudi kufanya nini?

Davis mnamjua, na kama hamumjui basi mmemwona kwenye simu zenu. Ana karasha tatu kule Masumbwe, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na nyumba yake iko hapo Kahama, mtaa wa Nyasubi, ya ghorofa, ina geti linalojifungua lenyewe. Nilishuka kwenye gari, nikajitwika begi langu kichwani, nikanyoosha moja kwa moja mlangoni. Mkwe wangu Eunice akapiga goti kidogo, akanishika mkono.

"Shikamoo mama. Siyo huku, mama. Kwako ni kule nyuma."

Kule nyuma, kati ya tangi la maji na kibanda cha jenereta, ulikuwa umesimama msonge.

Msonge, jamani. Nyumba ya duara, nyasi juu, udongo chini, mlango wa kuinama. Ndani kitanda cha kamba, mtungi, jiwe la kusagia, na mafiga matatu katikati. Davis alikuwa ananitazama usoni, anasubiri nilie kwa furaha. Nikalia kweli. Akanikumbatia, akamwambia Eunice arekodi.

"Nimekurudishia maisha yako, mama," akasema. "Kila kitu asilia. Nimeweka soketi mbili tu, moja ya taa ya kamera, nyingine ya spika itakayotoa sauti za vyura."

Niliumia, siwafichi. Nilivikumbuka vyungu vyangu viko kwa Suzana na kinu changu kiko kwa Suzana, na mdomo wangu mwenyewe ndio uliovitoa.

Lakini msonge ulikuwa bado kuzinduliwa. Mlangoni kulifungwa utepe mwekundu, wa kukatwa Jumapili, na mpaka hapo nilitakiwa kulala chumba cha wageni, ndani. Hilo ndilo kosa la Davis. Ukitaka mtu akakae kwenye nyasi, usimlaze kwanza siku tatu kwenye marumaru.

Siku ya kwanza nilioga maji ya moto yanayotoka ukutani. Hakuna aliyekwenda kuni, hakuna aliyepuliza. Nikaoga asubuhi, nikaoga mchana, na jioni nilipoomba tena taulo Eunice akaniuliza kama naumwa. Siku ya pili nikaielewa rimoti. Kuna tamthilia ya Kituruki, wameitia Kiswahili, ndani yake mama mmoja mkorofi anatolewa kwenye jumba lake na mtoto wake wa kumzaa. Davis aliniambia yule mama ni mtu mbaya. Mimi sikuona ubaya wake.

Siku ya tatu nikakutana na mashine ya kufulia, na hapo ndipo nilipokwisha. Ina dirisha la kioo. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, shuka zinazunguka, povu linapanda, linashuka. Mikono hii imefua lamboni kwa jiwe, imefua nepi za watoto sita, imefua magunia ya pamba. Siku hiyo ilikaa mapajani ikitazama. Mashine ilipomaliza ikaimba kawimbo kadogo. Nikaiambia wabeja, asante sana.

Jumamosi nikajaribu kusema na Davis kwa upole.

"Baba, daktari amesema macho yangu hayataki moshi."

"Mama, huyo anazungumzia moshi wa viwanda. Moshi wa kuni ni wa asili." Alikuwa ameegemea jokofu, ameshika kahawa ya mashine, kiyoyozi kinampuliza shingoni.

"Na chakula?"

"Chakula chako kile kile, mama. Mlenda, ugali wa udaga, michembe ya viazi." Nyuma yake, kile kikaango cha umeme kisichotumia mafuta kilikuwa kinaivisha mapaja ya kuku. Michembe naipenda, msinielewe vibaya. Lakini nimeila tangu nimeota meno, na mapaja ya kuku bado tulikuwa hatujajuana vizuri.

Jumapili baada ya misa wageni wakajaa uani. Mfanyabiashara Rushabh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, alikuja na mama yake, Vijaya, mzee mwenzangu. Tukakalishwa pamoja, kwa kuwa vizee huwa wanakalishwa pamoja. Akaniinamia sikioni.

"Huyu wangu amechukua cherehani yangu, ameweka sebuleni, ametia taa. Mimi nikigusa anasema, mama, utaharibu. Nimeshonea miaka hamsini, leo nitaharibu?"

Tangu dakika ile tukawa ndugu.

Davis akasimama na kipaza sauti. Alijifunga kaniki, shanga shingoni, na mkononi ile saa yake inayomhesabia hatua. Simu ilisimamishwa juu ya miguu mitatu mbele yake, inarusha moja kwa moja.

"Watu wananiuliza, Davis, uwezo unao, kwa nini msonge? Nawajibu, mila ni damu. Nyuma ya nyumba yetu Didia kulikuwa na mabati. Kumi na nane, mapya, yamepangwa. Nilikuwa nayapiga kwa fimbo yanalia kama ngoma. Kwa hiyo wazazi wangu mabati walikuwa nayo. Lakini hawakuezeka. Walichagua nyasi. Hao ndio watu waliojua kuishi."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikatazama miguu yangu. Habari za mabati yale nazijua bati kwa bati, na nilitaka kusimama nizitoe, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Davis.

Nikapewa mkasi na kipaza sauti. Davis akageukia simu yake, akasema, "Na leo, chochote atakachosema mama kuhusu mila yetu, sisi watoto kazi yetu ni kutii."

Wallahi sikupanga. Niliutazama ule mlango wa kuinama, nikayaona mafiga mle ndani, macho yakaanza kuwasha kabla hata moto haujawashwa. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Wabeja, ng'wanawane, asante mwanangu. Wageni wetu, karibuni. Sasa kabla sijakata huu utepe, kuna jambo siwezi kulinyamazia. Kwa mila yetu, msonge mpya mama haingii wa kwanza. Anaanza yule aliyeujenga, na mkewe. Wanalala humo, wanapika humo, wanauzoesha moto, mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Mama kazi yake ni kulinda nyumba kubwa. Mama akitangulia kuingia, mali ya mwanawe inatoka."

Mila hiyo niliitunga pale pale, mkasi ukiwa mkononi. Sijawahi kuisikia kwa mama wala kwa bibi. Lakini niliposema mali inatoka, wanunuzi wote wa dhahabu waliokuwa pale wakaacha soda zao, wakaitikia kwa kichwa.

"Mama," Eunice akasema taratibu, "mbona kwetu Masumbwe hatujawahi kuisikia hiyo?"

"Ninyi Wasumbwa, mwanangu. Hii yetu sisi Wasukuma."

"Hata kwetu India, Gujarat, iko," Vijaya akadakia. "Hivyo hivyo kabisa."

Vijaya amezaliwa Kahama. Mbali alikofika ni Mwanza, alikwenda kung'oa jino.

Davis akaitazama simu yake. Watu elfu nne walikuwa wanamwangalia, na wote amewaambia mila ni damu. "Sawa, mama," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele, nikakata utepe, nikamkabidhi Eunice mwiko.

Ilikuwa Julai. Mvua kwetu inasubiri Oktoba, na ikiamua kuchelewa inachelewa. Mwenyewe nilivihesabu vidole vyangu nikalala salama.

Maisha yakawa matamu, Mungu anaona. Asubuhi naoga, mchana Mturuki, jioni nafua hata visivyochafuka. Vijaya alikuwa anakuja Jumamosi na cherehani yake kwenye buti la gari, amemwambia Rushabh anaipeleka kwenye maonyesho ya utamaduni. Anashona mapazia, mimi nafua mapazia. Macho yangu yakakauka. Nikaanza kusoma majina ya wachezaji mwishoni mwa tamthilia bila miwani.

Kule nyuma hali ilikuwa nyingine. Eunice anafanya kazi benki, na kila asubuhi alikwenda kazini ananuka kuni, mpaka meneja akamuuliza kama nyumbani kuliungua. Davis macho yakawa mekundu. Mbele ya simu anacheka, anasema hayo ndiyo maisha, halafu simu ikizimwa anakohoa akiwa ameshika ukuta. Kila siku alipita ndani kuangalia kama niko salama, na kila siku usalama wangu aliuangalia akiwa chini ya kiyoyozi. Nikiona dakika kumi zimepita namwambia, baba, mali. Anatoka.

Kuna siku nilimwonea huruma, nikataka kumwita. Kisha nikakumbuka vyura wa kwenye spika. Nikaongeza sauti ya tamthilia.

Septemba Suzana akanipigia. "Mwenzangu, huku vijana wa mjini wamerudi wanajenga misonge, kila mmoja analala na mkewe humo kwanza. Wanasema ni mila. Mimi nimezaliwa hapa, mila hiyo ilikuwa wapi?"

"Mlikuwa mmeisahau," nikamjibu.

Mimi mkulima wa pamba, binti wa mkulima wa pamba, kila usiku nilipiga magoti nikimwomba Mungu azuie mvua. Namwomba anisamehe. Kwanza hakunisikiliza.

Ilikuja Jumapili moja ya Oktoba, saa tisa alasiri, kubwa, ya upepo. Davis alikuwa msongeni anarekodi jinsi ya kuchoma viazi kwenye majivu. Fundi aliyemjengea kazi yake ni mabanda ya baa, yule huezeka kwa sura, haezeki kwa mvua. Nikiwa dirishani niliona maji yanaingia kwa juu yanatokea mlangoni na majivu yake. Spika ikatoa cheche, vyura wake wakanyamaza, na vyura wa kweli wakaanza.

Eunice alifika wa kwanza. Akasimama kwenye marumaru anachuruzika, akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimpe mwiko.

"Mama, mvua ya kwanza ndiyo hiyo."

"Nimeiona, mwanangu."

Nikatafuta mila nyingine haraka haraka, sikuipata. Kichwa kilikuwa kitupu. Nikaitazama mashine yangu ya kufulia, moyo ukaniuma kweli, nikaanza kupanga begi kimoyomoyo. Kitenge kile, kile kingine, rozari.

Davis akaingia. Simu ameifunika kwa bakuli, kaniki imemganda miguuni, shati juu yake linadondosha matope. Nikampa taulo, hakujifuta. Alisimama anaangalia dari, pale juu kwenye ubao mweupe mkavu, akasikiliza mvua inavyopiga bati na kuishia huko huko.

"Mama," akasema, "mbona mimi sikumbuki kulowa? Miaka yote ile Didia, mvua zote zile, sikumbuki hata tone."

"Hukulowa. Tulikuwa tunakulaza penye pakavu. Pasipokuwa na pakavu, baba yako anakushikia beseni kwa juu, akichoka napokea mimi na sufuria. Wewe ulikuwa unakoroma."

Akafikiri. "Na mabati yalikuwepo. Kumi na nane. Mbona hamkuezeka?"

"Uliondoka nayo."

"Mimi?"

"Kwenda sekondari. Yalikutosha ada ya kidato cha kwanza na cha pili. Cha tatu ndipo tukaanza kuuza ng'ombe."

Nilisema kawaida tu, bila hasira, kwa kuwa hasira ya mabati yale iliisha zamani siku alipofaulu. Eunice akaacha kutabasamu. Davis akavua shati, akabaki amelishika, hajui alipeleke wapi. Nikalichukua nikalitia kwenye mashine, nikamsogezea kile kiti changu. Akakaa mbele ya kioo na mikono mapajani.

Eunice akaingia chumba cha wageni. Nikajua anakwenda kunifungashia begi, na nikajiambia sitalia mbele yao. Akatoka na shuka zangu mikononi, akafungua kimlango cha mashine, akazisukumia humo pamoja na lile shati.

"Zifuliwe sasa hivi, mama," akasema, "zikauke, nizitandike tena chumbani kwako kabla hujalala."