Seli Zilizosahau Kazi

Nilinyoa kichwa Jumapili, peke yangu saluni, mlango nimeufunga kwa ndani. Kinyozi hajinyoi, na mimi nilijikata nyuma ya sikio. Sikujali. Mdogo wangu alikuwa amenipigia simu kutoka maabara anakofanya kazi: "Dada, seli zako zinaongezeka, zimejaza kisahani!" Nikajua siku ya kupanda imekaribia, na shamba husafishwa kabla ya mbegu.

Mimi ni msusi. Utosi wangu ulipoanza kubaki mtupu, niliuficha kwa kuvuta nywele za pembeni na kuzisukia juu yake. Msusi mwenye upara, nani atampa kichwa chake? Ndiyo maana mdogo wangu aliposema wanatafiti namna ya kuotesha nywele, na wanatafuta watu wa kutoa kipande kidogo cha ngozi ya kisogo, penye nywele nzima, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Jumatatu nikaenda maabara nimejifunga kitambaa. Akanionyesha kwenye hadubini.

"Hizo ni zako, za kwenye shina la unywele. Ndizo zinazoamuru unywele uote."

Zilikuwa nyembamba, zimelala kifudifudi, zimebanana. Nilizipenda, nisiseme uongo.

"Mtanipandia lini?"

"Dada, huu ni utafiti. Nilikueleza. Hatumpandii mtu."

"Si umesema zinaongezeka?"

"Zinaongezeka, ila zikilala kwenye kisahani zinasahau kazi. Zinazaana tu. Sasa tunazining'iniza kwenye matone ya maji ya lishe chini ya kifuniko cha kisahani, zikusanyike, zishikane kama zilivyokuwa kichwani, labda zitakumbuka. Halafu tunajaribu kwenye ngozi ya panya."

"Panya! Kwa hiyo panya ataota nywele kabla yangu?"

"Akiota, tutafanya sherehe."

Nikavua kitambaa. Mdogo wangu hucheka hata msibani, lakini hapo hakucheka.

Nywele zilirudi zilikoweza kurudi, kisogoni na pembeni. Utosi ukabaki unang'aa, na sasa sikuwa na nywele ndefu za kuufunika. Wateja wakawa wananitazama mimi kwenye kioo badala ya kujitazama wao. Mmoja niliyemsuka tangu yuko shule alihamia saluni ya jirani, akawa anapita mlangoni kwangu akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nililia kwa hasira. Niliwakasirikia wote, na zaidi zile seli zangu, zilizolala kwenye joto zikizaana bila kazi.

Baadaye mdogo wangu alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja. Panya hakuota hata unywele mmoja.

"Tunaomba kipande kingine," alisema. "Unaweza kukataa, dada. Na hata tukifaulu, sidhani utafaidi wewe. Labda mtu ambaye hajazaliwa bado."

"Mtakata wapi?"

"Kisogoni. Penye nywele."

"Zilizobaki."

"Ndiyo. Zilizobaki."

Nilimwambia aniondokee na panya wake. Aliondoka. Nilisuka mpaka jioni, nikiwavuta watu nywele kuliko kawaida, na kila nilipogusa kichwa kilichojaa nilitaka kujua ni nini hasa seli zake zinakumbuka ambacho zangu zimesahau. Nikampigia simu mdogo wangu.

Wiki iliyofuata nilikaa kitini kwa daktari wao. Alisimama nyuma yangu, akaweka mkono kisogoni.

"Inama kidogo, mama. Haitauma."

Ndivyo ninavyowaambia wateja wangu wote, na sijawahi kusema kweli. Nikainama.